Rejimenti ya 54 ya Massachusetts na Mshahara Walioukataa



Ni desturi ya kijitabu hiki, baada ya hesabu za fedha na taarifa za kamati, kuacha kurasa chache kwa ajili ya historia. Safari hii tumechagua habari za mbali, za vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyopiganwa Marekani baina ya mwaka 1861 na 1865, na hasa za kikosi kimoja cha askari wa miguu kilichoandikishwa katika jimbo la Massachusetts. Wengi waliopata kusikia habari za kikosi hicho wamesikia juu ya boma la mchanga walilolishambulia jioni moja ya mwezi wa Julai. Wachache wamesikia ya kwamba askari hao walikaa miezi ipatayo 18 bila kupokea hata senti moja ya mshahara wa serikali. Fedha zililetwa kambini mara kwa mara, nao wakazikataa. Chama kama chetu, ambacho kazi yake ni kuangalia wajane, wagonjwa na karo za watoto, hakiwezi kusoma habari hiyo bila kuuliza: je, nyumbani walikula nini?

Vita vilipoanza mwezi wa Aprili 1861, majimbo ya Kusini, ambayo hatimaye yalifika 11, yalikuwa yakijitenga na serikali ya Muungano ili kuulinda utumwa. Watumwa katika nchi hiyo walikuwa karibu milioni 4. Watu weusi wa Kaskazini waliokuwa huru walijitolea tangu siku za mwanzo, wakarudishwa nyumbani. Waliambiwa kwamba ugomvi huo haukuwa wao. Miezi ikapita, makaburi yakaongezeka, na ndipo tarehe 17 Julai 1862 Bunge likapitisha sheria ya kuruhusu watu weusi watumike jeshini, kwa kuchimba mahandaki, kwa kazi za kambini, au kwa utumishi mwingine wowote wa kijeshi watakaoonekana kuuweza. Sheria hiyo iliweka ujira wao kuwa dola 10 kwa mwezi, na katika hizo dola 3 zikatwe kwa ajili ya nguo. Tunawaomba wasomaji waishike namba hiyo, kwa maana itarudi.

Tarehe 1 Januari 1863 Rais Abraham Lincoln akatoa tangazo la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, na katika tangazo hilohilo akasema kwamba watu weusi watapokelewa katika majeshi. Gavana wa Massachusetts, John A. Andrew, hakuchelewa. Tarehe 26 Januari alikuwa amekwisha kupata idhini ya Waziri wa Vita, Edwin Stanton, ya kuandikisha rejimenti ya watu weusi katika jimbo lake. Akawatangazia wote watakaojiandikisha kwamba mshahara, chakula na heshima yao vitakuwa sawasawa na vya askari mwingine yeyote wa Massachusetts, yaani dola 13 kwa mwezi na posho ya nguo juu yake. Andrew alisema hayo kwa nia njema, na kwa neno la wakubwa wa Washington. Lakini sheria ya Julai ilikuwa ingalipo, wala hakuna aliyeifuta.

Massachusetts haikuwa na watu weusi wa kutosha kujaza rejimenti nzima. Kamati ikaundwa chini ya tajiri mmoja mpinga utumwa, George Luther Stearns, nayo ikatuma wajumbe katika miji yote ya Kaskazini hata Kanada. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa akatoroka na kuwa msemaji mkubwa kuliko wote wa watu wake, aliandika wito wa kuwahimiza vijana wachukue silaha, na wa kwanza kumwitikia walikuwamo wanawe wawili, Lewis na Charles. Martin Delany, mwingine katika viongozi wa wakati ule, alimtoa kijana wake aliyeitwa Toussaint L'Ouverture kwa kumbukumbu ya mkombozi wa Haiti. Kombania moja, ya C, ilitoka zaidi katika bandari ya New Bedford, mji wa wavuvi wa nyangumi. Walikuja wakulima, vinyozi, mabaharia, waendesha magari ya farasi na vibarua. Filamu iliyotolewa mwaka 1989 imewafanya wengi wadhani kuwa askari hawa kwa jumla walikuwa watumwa waliotoroka. Sivyo. Walio wengi walizaliwa huru, walijua kusoma kuliko inavyodhaniwa, na walijua vizuri mkataba ni kitu gani. Jambo hili litafaa kukumbukwa tutakapofika kwenye habari ya mshahara.

Kambi ilikuwa Readville, karibu na mji wa Boston. Madaktari walikuwa wakali, wakawarudisha wengi, na hata hivyo kufikia mwezi wa Mei rejimenti ilikuwa imejaa watu 1,000. Waliozidi wakaanzisha rejimenti nyingine, ya 55. Katika hiyo ya 55 alitumika mtu aliyeitwa Nicholas Said, mzaliwa wa Bornu katika Afrika, aliyetekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa hadi Tripoli, akatumika Uturuki na Urusi, kisha akafika Marekani akiwa huru na kuingia vitani kwa hiari yake. Tunamtaja kwa furaha.

Maofisa wote walikuwa wazungu. Hilo lilikuwa sharti la wakubwa, nalo liliwaudhi wengi. Kanali alikuwa Robert Gould Shaw, kijana wa miaka 25 kutoka nyumba yenye mali na yenye kupinga utumwa, ambaye kwanza aliukataa wadhifa huo kisha akaukubali. Tarehe 28 Mei 1863 rejimenti ilipita katika barabara za Boston mbele ya maelfu ya watu, bendera zikiwa mbele, ikapanda meli iitwayo De Molay kuelekea pwani ya South Carolina.

Kazi ya kwanza waliyopewa haikuwa ya kujivunia. Tarehe 11 Juni, chini ya Kanali James Montgomery, walishiriki kuuteka mji mdogo wa Darien katika Georgia, mji ambao haukuwa na wa kuulinda, na Montgomery akaamuru uchomwe moto. Shaw alichukizwa, akaandika kulalamika. Hata hivyo mji uliteketea, na kombania moja ya rejimenti ya 54 ilishika vijinga pamoja na wengine. Hatuoni faida ya kulificha jambo hili kwa sababu tu tunawapenda watu hawa.

Tarehe 16 Julai, katika kisiwa cha James karibu na Charleston, walipigana kwa mara ya kwanza vita vya kweli. Walisimama imara mbele ya adui mwingi hata rejimenti ya 10 ya Connecticut, ya wazungu, ikapata nafasi ya kujiokoa. Katika siku hizohizo, baina ya tarehe 13 na 16, mjini New York makundi ya wazungu waliochukia kuandikishwa jeshini kwa lazima waliwageukia watu weusi, wakawaua barabarani na kuyachoma makao ya watoto yatima weusi. Sajini Robert Simmons wa kombania ya B, mzaliwa wa Bermuda, alikuwa na jamaa zake katika mji huo. Mtoto wa dada yake, mwenye umri wa miaka 7, aliuawa katika ghasia hizo. Mjomba alikuwa safarini kwenda Wagner akiwa amevaa sare za serikali ileile ambayo haikuweza kumlinda mtoto.

Boma la Wagner lilikuwa katika kisiwa cha Morris, kwenye mlango wa bandari ya Charleston. Lilijengwa kwa mchanga na magogo, likiwa na handaki mbele yake, bahari upande mmoja na kinamasi upande mwingine, hata njia ya kulifikia ilikuwa ukanda mwembamba wa ufuko. Tarehe 18 Julai mizinga ya nchi kavu na ya manowari ililipiga mchana kutwa. Majemadari wakadhani kwamba wote waliokuwamo wamekufa au wamevunjika moyo. Kumbe walikuwa wamejificha chini ya paa za magogo na mchanga, wapatao 1,700, wakingoja. Askari wa rejimenti ya 54 walifika jioni baada ya kutembea usiku katika mvua na kukaa karibu siku mbili bila usingizi wala chakula cha maana. Jemadari George Strong alimwuliza Shaw kama atakubali watu wake watangulie. Akakubali. Walikuwa kama 600.

Giza lilipoanza kuingia wakaenda, kwanza kwa mwendo wa kawaida, kisha mbio, wakiwa na singe. Walipokaribia handaki moto ukafunguliwa. Waliovuka wakapanda ukuta wa mchanga, na juu yake Shaw akauawa. Askari wachache waliingia ndani, wakapigana kwa singe na vitako vya bunduki, lakini rejimenti zilizofuata nyuma hazikuweza kuushika ukuta huo. Mchukua bendera alipoanguka, Sajini William Carney wa New Bedford aliishika, akafika nayo ukutani, akajeruhiwa zaidi ya mara moja, akarudi nayo akitambaa bila kuiacha iguse chini. Nishani ya Heshima, iliyo kubwa kuliko zote katika jeshi la Marekani, alipewa tarehe 23 Mei 1900, yaani karibu miaka 37 baadaye.

Waliouawa, kujeruhiwa, kutekwa au kupotea katika rejimenti hiyo peke yake walizidi 270. Katika maofisa waliobaki wazima, mkubwa alikuwa Kapteni Luis Emilio, naye kijana mno, akalazimika kushika uongozi. Maadui walimzika Shaw shimo moja na askari wake weusi, wakidhani wamemtukana. Baba yake alipopata habari aliomba kwamba maiti ya mwanawe isihamishwe mahali ilipo. Sajini Simmons alitekwa akiwa ameumia, akakatwa mkono, akafa Charleston mwezi wa Agosti.

Wafungwa wengine walikuwa katika hatari ya namna ya pekee, maana serikali ya Kusini ilikuwa imetangaza kwamba mtu mweusi atakayekamatwa na silaha atahesabiwa kuwa mtumwa mwasi. Wanne kati yao walipelekwa mbele ya mahakama ya South Carolina. Mwanasheria mzungu wa Charleston, Nelson Mitchell, akawatetea, na mahakama ikaamua kwamba haikuwa na mamlaka ya kuwahukumu. Hawakuachiliwa, lakini hawakunyongwa. Nadhari yetu ni kwamba mwanasheria huyo, aliyesimama kati ya watu wake mwenyewe na kusema lisilotakiwa, angestahili kujulikana zaidi.

Sasa tuje kwenye mshahara. Baada ya vita vya Wagner, majeraha yangali mabichi, mlipaji wa jeshi alikuja kisiwani na kitabu chake. Askari wakaambiwa ya kwamba kwa mujibu wa sheria ya Julai 1862 watalipwa dola 10, na 3 zitakatwa kwa nguo. Basi askari mweupe alipokea dola 13 na nguo juu yake, naye mweusi apokee 7. Wala cheo hakikubadilisha neno. Sajini mweusi, mwenye kuongoza watu katika risasi, alipangiwa chini ya kuruta mweupe aliyeingia jana. Hata kasisi wao, Samuel Harrison, mtu aliyesoma na kuwekewa mikono, alihesabiwa kwa kiasi hichohicho cha kibarua.

Rejimenti ikakataa, karibu watu wote pamoja. Hawakuweka silaha chini, hawakuacha zamu, hawakukataa amri. Waliendelea kuchimba mahandaki mbele ya boma la Wagner chini ya mizinga mpaka adui alipolihama mwezi wa Septemba. Kila mlipaji alipokuja walijipanga, wakaitwa majina, na hawakupokea. Kanali wao mpya, Edward Hallowell, aliyejeruhiwa naye Wagner, alikuwa upande wao, na maofisa wengine vivyo hivyo.

Miongoni mwao alikuwamo Koplo James Henry Gooding wa kombania ya C, baharia wa meli za nyangumi, ambaye alikuwa akipeleka barua kwa gazeti la mji wake wa New Bedford. Tarehe 28 Septemba 1863 alimwandikia Rais Lincoln mwenyewe. Hakuomba huruma. Alisema kwa adabu kwamba wamefanya kazi ya askari, wamekufa kifo cha askari, basi kwa nini wasilipwe mshahara wa askari. Akaeleza kwamba wao hawakuwa watu waliookotwa kambini kama vibarua, bali walijiandikisha kwa mkataba. Barua hiyo imehifadhiwa, na mzee yeyote aliyewahi kuandika ombi kwa ofisi ya serikali angeitambua namna yake: heshima yote imo, na hakuna neno hata moja la kurudi nyuma.

Gavana Andrew aliona haya. Mwezi wa Novemba 1863 alilitaka Baraza la jimbo litoe fedha za Massachusetts zifidie pengo lile, ili askari wapate dola 13 kamili, na Baraza likakubali. Wajumbe wakapelekwa na fedha hadi kisiwani. Hapo ndipo wengi walipostaajabu, kwa maana askari wakakataa tena. Walishukuru sana, kisha wakaeleza kwamba hawakuwa na dai juu ya Massachusetts. Deni lilikuwa la serikali ya Marekani, nao wakipokea dola 7 kutoka mkono mmoja na nyongeza kutoka mkono mwingine, watakuwa wamekubali kwamba kwa serikali wao ni watu wa dola 7.

Tumelijadili jambo hili katika halmashauri tulipokuwa tukitayarisha kurasa hizi, na hatukukubaliana sote. Mmoja wetu alisema kwamba fedha zilikuwa halali na watoto walikuwa na njaa, basi mtu angezipokea na kuendelea kudai. Neno hilo si la kupuuzwa. Barua zilikuwa zikifika kambini kutoka kwa wake na mama, zikieleza kodi ya nyumba isiyolipwa, ugonjwa, na watoto wasio na viatu wakati wa theluji. Familia nyingine ziliishia katika nyumba za maskini, mahali ambapo mtu wa heshima alichukia kuonekana. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na askari angalau alikuwa na mkate wake wa kambini. Twaona basi kwamba mzigo wa kukataa kule ulibebwa kwa sehemu kubwa na wanawake ambao majina yao hayamo katika orodha yoyote ya jeshi. Lakini wengine wetu walijibu kwamba mtu anayepokea nusu kwa miezi 18 huiona nusu hiyo ikiitwa desturi, na ikiisha kuitwa desturi huwa vigumu kuing'oa. Hatukumaliza mjadala.

Uvumilivu nao ulikuwa na mwisho wake. Katika rejimenti nyingine, ya 3 ya South Carolina, iliyokuwa ya watu waliotoka utumwani, Sajini William Walker aliiongoza kombania yake mwezi wa Novemba 1863 kwenda kuweka bunduki mbele ya hema la kanali, akisema kwamba serikali imevunja mkataba. Mahakama ya kijeshi iliita jambo hilo uasi. Tarehe 29 Februari 1864 akapigwa risasi huko Jacksonville, Florida. Katika rejimenti ya 55, Wallace Baker alimpiga ofisa wakati wa manung'uniko hayohayo, naye akauawa kwa hukumu mwezi wa Juni mwaka huohuo. Yafaa tukumbuke watu hawa wawili tunapousifu utulivu wa rejimenti ya 54.

Siku tisa kabla ya kifo cha Walker, tarehe 20 Februari 1864, rejimenti ya 54 ilikuwa Olustee, katika misitu ya misonobari ya Florida. Jeshi la Kaskazini lilishindwa vibaya siku hiyo. Askari wa 54 waliingia wakati wengine wakirudi, wakipiga kelele za kuidhihaki ile dola 7, wakashika mstari mpaka jioni ili wengine waondoke. Katika kurudi walikuta gari-moshi lililojaa majeruhi limekwama, injini imeharibika, na adui yuko nyuma. Wakafunga kamba, wakalivuta kwa mikono yao maili kadhaa mpaka walipopatikana farasi. Majeruhi waliokuwamo walikuwa wa rejimenti mbalimbali, wenye mshahara wa kila namna.

Koplo Gooding hakurudi kutoka Olustee. Wenzake walidhani ameuawa. Kumbe alikuwa ametekwa.

Huko Washington mambo yalikwenda polepole, kama yaendavyo mambo ya fedha. Mwezi wa Aprili 1864 Mwanasheria Mkuu wa serikali, Edward Bates, alipoulizwa juu ya Kasisi Harrison, alijibu kwamba kasisi ni kasisi, na sheria haina nguvu ya kumpunguzia mshahara kwa rangi yake. Tarehe 15 Juni 1864 Bunge likapitisha sheria mpya: askari weusi wote walipwe sawa kuanzia tarehe 1 Januari mwaka huo, na wale waliokuwa watu huru tarehe 19 Aprili 1861 wapate haki yao tangu siku waliyojiandikisha. Sharti hilo la mwisho lilikuwa na mwiba ndani yake. Katika kombania moja walisimama bega kwa bega waliozaliwa huru na waliokuwa wametoroka utumwa, nao wote walifanya kazi moja.

Kanali Hallowell akatafuta njia. Alitunga kiapo ambacho kila askari aliulizwa kama mnamo tarehe ile alikuwa na wajibu mbele ya Mungu wa kumfanyia mtu yeyote kazi bila ujira. Mtu aliyekuwa mtumwa kwa sheria za Georgia au Virginia aliinua mkono na kuapa kwamba hakuwa na wajibu huo, na dhamiri yake haikumsuta, kwa maana hakuna Mungu aliyempa bwana wake haki hiyo. Basi wakaapa wote. Rejimenti za South Carolina, ambazo haziwezi kutumia kiapo kama hicho kwa kuwa kila mtu alizijua asili zao, zilingoja hadi sheria nyingine ya mwezi wa Machi 1865.

Mwisho wa Septemba 1864 mlipaji akaja na fedha kamili. Rejimenti moja tu ilihitaji kiasi cha dola 170,000. Kambi ikawa na nyimbo na vicheko, na wengi wakatafuta mara moja njia ya kuzipeleka nyumbani. Koplo Gooding alikuwa amekwisha kufa tarehe 19 Julai katika gereza la Andersonville, Georgia, mwezi mmoja na siku nne baada ya kupitishwa sheria aliyoidai.

Wazee wetu hawahitaji kuelezwa kwa nini habari hii inatugusa. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 makumi ya maelfu ya watu wa nchi yetu walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na majina ya Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni kumbukumbu yao. Walikufa wengi kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi, na mishahara ya wafu wengi haikuwafikia jamaa zao. Na katika ofisi za serikali ya Kenya, Tume ya Holmes ya mwaka 1948 ilishauri kwamba Mwafrika afanyaye kazi ileile ya Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano ya mshahara wake. Kipimo hicho kilidumu mpaka Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ilipopendekeza kiondolewe. Watu walioketi katika meza hizo na kupokea sehemu hizo tatu wangemfahamu Gooding bila mkalimani.

Baada ya siku ya mshahara rejimenti ilipigana Honey Hill tarehe 30 Novemba 1864, ikaingia Charleston mwezi wa Februari 1865, na ikapambana na adui kwa mara ya mwisho Boykin's Mill tarehe 18 Aprili, siku tisa baada ya Jemadari Lee kusalimu amri huko Virginia. Katika miezi hiyo jambo jingine lilipatikana kwa shida ileile. Sajini Stephen Swails, aliyejeruhiwa Olustee, alipewa na Gavana Andrew cheo cha luteni mapema mwaka 1864. Wizara ya Vita ikakataa kwa sababu ya damu yake ya Kiafrika, na ilichukua hadi Januari 1865 akubaliwe. Baada ya vita alibaki South Carolina, akawa seneta wa jimbo. Rejimenti iliondolewa utumishini mwezi wa Agosti, na tarehe 2 Septemba 1865 ikapita tena katika barabara za Boston, kisha ikatawanyika.

Sanamu yao mashuhuri, kazi ya Augustus Saint-Gaudens, ilizinduliwa mjini Boston tarehe 31 Mei 1897. Inamwonyesha Shaw juu ya farasi na askari wakitembea pembeni yake. Majina yaliyochongwa nyuma yalikuwa ya maofisa weupe tu. Yale ya askari weusi waliokufa Wagner yaliongezwa mwaka 1982, miaka 85 baadaye.

Lakini kumbukumbu ya kwanza iliwazwa na askari wenyewe. Wangali bado vitani walianza mchango wa kumjengea Shaw nguzo katika kisiwa cha Morris, na watu wa pwani ya South Carolina waliotoka utumwani karibuni wakachanga pamoja nao. Mchanga wa kisiwa kile ulikuwa ukiliwa na bahari, na wenyeji wa Charleston wasingeiacha nguzo isimame. Fedha zikapelekwa badala yake katika shule ya watoto weusi mjini humo, ikapewa jina la Shaw, na watoto wakafundishwa kusoma katika mji uleule ambao wafungwa wa rejimenti walikuwa wamefungiwa gerezani.